Mbwa akitapika usikimbilie kile kidonge cha safari

Mhariri,

Nimewasoma miaka mingi na sijawahi kuwaandikia hata siku moja, mi ni wale wa kusoma alafu tunabishana na gazeti mezani mpaka chai inapoa, ila barua ya msomaji mwenzangu mliyoitoa wiki iliyopita imenishinda kunyamaza. Huyo ndugu anasema mbwa wake alikuwa akipanda gari tu anatapika, akampeleka kwa daktari wa mifugo, akaandikiwa vidonge, sasa mbwa anasafiri kama abiria mzima. Mpaka hapo nampongeza. Shida yangu ni pale mwishoni anaposhauri kila mwenye mbwa avihifadhi nyumbani vile vidonge vinavyobaki, siku mbwa akitapika kwa sababu yoyote unampa kimoja na mambo yanaisha.

Mimi nilifanya hivo hivo. Vilibaki, nikavihifadhi, mbwa akatapika usiku, nikampa kimoja, kutapika kukaisha. Na nusura nimzike.

Ngoja nianzie mbali kidogo maana sitaki mtu aseme naiponda dawa, dawa ni nzuri sana, mi mwenyewe bado naitumia.

Mbwa wangu anaitwa Bosi. Jina walimpa watoto kwa sababu tangu mdogo ukimwita anakuangalia kwanza anafikiria kama anaitika au haitiki. Ana kilo 20, shikeni hiyo kilo 20 maana tutaipigia hesabu huko mbele. Sasa huyu Bosi gari lilikuwa adui yake. Hata hatujafika kona ya kwanza anaanza kulambalamba midomo na kupiga miayo kama mlinzi aliyekesha, mi nikawa nasema ana usingizi, kumbe ile miayo ndio roho inaanza kumchafuka. Alafu udenda. Yani sio mate ya kawaida, ni udenda unaning'inia kama uzi mpaka kwenye kiti, kifua chote kimelowa, anahema, anatetemeka, anatafuta kujipenyeza chini ya miguu ya watu, alafu tumbo linavuta mara mbili, mara tatu, mgongo umejikunja, na yanakuja. Mke wangu alishakuwa fundi, anakinga beseni kwa kusikia ile sauti tu bila hata kugeuka nyuma.

Tulikaa na hali hiyo muda mrefu kuliko inavyopaswa kwa sababu kila mtu alitwambia ataacha akikua. Na kweli wengi wanaacha, dokta mwenyewe alikubali, watoto wa mbwa wanasumbuliwa zaidi kwa kuwa mambo ya sikioni hayajakomaa. Wa kwangu alikua, akaota ndevu, hakuacha.

Nasema sikioni kwa sababu ugonjwa wenyewe unaanzia huko, sio tumboni kama wengi tunavyodhani. Ndani kabisa ya sikio kuna vijifereji vya majimaji vinavyouambia ubongo mwili umeinamia wapi, unazunguka au umetulia. Mbwa akiwa amejilaza kwenye gari macho yanaona kiti kimetulia tuli, lakini yale majimaji yanachezacheza kila kona na kila breki, kwa hiyo ubongo unaletewa habari mbili zinazogombana, na sijui nani alipanga hivi lakini mwisho wa ugomvi huo ni kutapika. Ndio maana kumnyima chakula peke yake hakumtibu. Bosi tulishamfungisha asubuhi nzima akatapika povu la njano tu, na nadhani aliteseka zaidi.

Basi tukaandikiwa vidonge. Dawa inaitwa maropitanti, wengi wanaijua kwa jina la kwenye boksi, Cerenia. Sio ya zamani sana, Ulaya iliruhusiwa 2006 na Marekani 2007, kabla ya hapo madaktari wa mifugo walikuwa wanaazima zaidi dawa za watu. Inavyofanya kazi ni hivi, na hapa naomba msomaji asiruke. Sehemu ya chini ya ubongo kuna mahali panapotoa amri ya kutapika. Ili amri itoke lazima kemikali moja ya mwili, inaitwa sabstansi P, igonge mlango wa pale. (Hiyo sabstansi P iligunduliwa mwaka 1931 London na von Euler na Gaddum, wakaikuta kwenye ubongo na kwenye utumbo wa farasi. Nilipoisoma hiyo nikacheka, kumbe kichwa na tumbo ni ndugu wa siku nyingi.) Maropitanti inachofanya ni kwenda kukaa kwenye ule mlango. Imekaa pale, sabstansi P ikija haipati pa kugonga, amri haitoki, mbwa hatapiki.

Sasa dawa iliyokaa mlangoni haimuulizi anayekuja katumwa na nani. Awe katumwa na kona za barabara, awe katumwa na figo zinazokufa, na sumu ya panya, na kongosho iliyovimba, au na soksi, wote wanakuta pamefungwa. Kwa safari hilo ni jambo jema maana kinachomtapisha tunakijua, tunakiona kwa macho, ni gari. Kwa mbwa aliyeamka usiku wa manane anatapika hatujui katumwa na nani.

Nitaifikia hiyo soksi. Kwanza dozi, kwa sababu barua ya ndugu yetu iliongelea kidonge kimoja kama vile kidonge ni kidonge.

Dawa ni ile ile ila kazi mbili, na kila kazi na dozi yake. Kuzuia kutapika kwa safari ni miligramu 8 kwa kila kilo ya mbwa. Kutapika kwa ugonjwa, kwa kidonge, ni miligramu 2 kwa kila kilo. Zote mara moja kwa siku. Chukua Bosi wangu wa kilo 20, safari anakula miligramu 160, akiumwa tumbo angekula 40. Hiyo ni mara nne! Na vidonge vyenyewe vinakuja vya ukubwa tofauti, kuna vya 16, 24, 60 na hiyo 160, kwa hiyo mtu akikwambia mpe kimoja hajakwambia kitu. Jirani yako mwenye mbwa wa kilo 5 akichukua kimoja cha Bosi kwa huruma yako amepewa mzigo wa mbwa mwingine kabisa.

Alafu ile dozi kubwa ya safari haipewi zaidi ya siku mbili mfululizo. Dokta alinieleza dawa hii inasafishwa na ini, na dozi ikiwa kubwa ini linachelewa kuisafisha, ukirundika siku juu ya siku inazidi kujaa mwilini. Ndio maana mbwa mwenye shida ya ini hapewi kiholela, wa moyo vilevile lazima useme. Na watoto wa mbwa walio chini ya wiki 16 hawapewi dozi ya safari, kama una kale kadogo kametoka tu kuachishwa ziwa vumilia na beseni.

Naona nimeanza kuongea kama karatasi ya ndani ya boksi. Turudi kwa Bosi.

Safari ya kwanza na dawa niliharibu. Kidonge Bosi hataki, anakisukuma na ulimi pembeni ya mdomo anakaa nacho kama mtoto na karanga, ukigeuka anakiweka kwenye zulia. Nikaona nimzidi akili, nikakifunga kwenye kipande kinene cha nyama yenye mafuta nikakandamiza mpaka hakionekani, akameza bila kutafuna. Nikatamba. Tukaondoka, akatapika, na kwenye matapishi nyama ikatoka kama ilivyoingia na kidonge changu kiko ndani yake hakijayeyuka hata nusu. Kumbe ndio imeandikwa usikizungushie chakula kikakibana, hasa cha mafuta, kinachelewa kuyeyuka na dawa haifiki mwilini kwa wakati.

Safari ya pili nikajifanya mjuzi, nikampa tumbo likiwa tupu kabisa tangu jana yake. Akatapika tukiwa bado hatujawasha gari. Nikampigia dokta kwa hasira kwamba dawa ya kuzuia kutapika imemtapisha mbwa, akacheka, akasema ndio, ile dozi kubwa ikikuta tumbo tupu inaweza kumtapisha mbwa kabla hata ya safari, ni moja ya mambo yanayojulikana. Ndio maana inatakiwa tonge dogo la chakula pamoja na dawa. Sio mlo kamili, tonge.

Ya tatu ndio ikakubali. Mlo kamili wa mwisho tukamwachia usiku wake, asubuhi chakula kidogo tu cha kulamba, kidonge nikakisukuma nyuma ya ulimi, nikamshika mdomo nikampapasa koo mpaka akameza na maji kidogo juu yake, tukasubiri saa mbili. Hapo kwenye kusubiri watu wengi wanafeli, wanampa mbwa dawa huku wamebeba mabegi, gari linaunguruma. Saa mbili kaka, dada, ikae. Siku hiyo Bosi alilala njia nzima. Beseni likarudi nyumbani kavu, mke wangu akalipiga picha.

Ila kuna kitu dawa haikukigusa. Kutapika kuliisha lakini safari ya nne Bosi alikuwa bado anajibwetesha chini akiona funguo za gari, mkia katikati ya miguu, tunambeba kama gunia. Nikadhani dozi imepungua nguvu. Dokta akasema hapana, hiyo ni hofu, alishateswa na gari mara nyingi kabla, mwili wake umeshaandika kwamba gari ni mateso, na maropitanti haina kazi na hofu. Basi tukaanza upya taratibu kama shule ya chekechea: gari limezimwa, mlango wazi, anakula chakula chake humo ndani, siku kadhaa. Alafu mlango umefungwa. Alafu injini inawashwa hatuendi popote. Alafu tunasogea hatua chache na kurudi. Wiki nzima watoto wananiona nimekaa na mbwa kwenye gari lisiloenda kokote, wakawa wananiuliza baba tumefika wapi. Ilisaidia sana kuliko nilivyotegemea. Na kwa ambao hofu imeshakuwa kubwa zaidi ya hapo kuna dawa za hofu zenyewe, hizo ni mazungumzo mengine na daktari, ila naomba mjihadhari na zile za kumlegeza mwili tu kama asepromazini, mbwa anaonekana katulia kumbe ndani bado anaogopa vile vile, ameshindwa tu kunyanyuka akuonyeshe.

Mengine ya garini nayapitia haraka. Kioo kidogo kiwe wazi hewa ipite, mbwa aangalie mbele na awe amefungwa vizuri asirushwe huku na huku, simameni njiani ashuke atembee, na dereva aache mbwembwe za breki. Yanasaidia. Kuna mbwa hayo peke yake yanawatosha hata kidonge hawahitaji.

Sasa soksi.

Jumanne moja usiku Bosi akatapika. Hatukuwa na safari, hakuna gari, yuko kwenye mkeka wake pale ukumbini. Akatapika chakula, baada ya muda akatapika maji ya njano, baada ya muda tena. Mi nikajua amekula uchafu huko nje kama kawaida yake. Kwenye kabati kulikuwa na vidonge viwili vya safari vimebaki, vya 160. Nikajisemea dawa ya kutapika si ndio hii, nikampa kimoja. Wala sikukumbuka habari ya dozi mbili, na nilishaelezwa! Kichwani mwangu ile ilikuwa dawa ya kutapika na mbwa alikuwa anatapika, basi.

Kutapika kukakata. Jumatano akashinda amelala, nikasema dawa inamlewesha kidogo, apumzike, maana kusinziasinzia nako kunatajwa. Hakula. Nikasema tumbo limechoka. Usiku nikataka kumpa cha pili, nikakiacha kwa kuwa hatapiki tena, na mpaka leo huwa nakifikiria kile kidonge cha pili. Alhamisi hakula tena, maji akalamba kidogo, choo hakupata. Jioni binti yangu mdogo akaniita, baba njoo uone Bosi anasali. Nikaenda. Alikuwa amelaza miguu ya mbele chini, kifua kinagusa sakafu, makalio yako juu, amekaa hivyo hivyo hatikisiki, macho yamekodoa ukutani. Sio kujinyoosha, mbwa akijinyoosha anaachia. Yeye alibaki vile. Nikaja kuambiwa mbwa wenye maumivu makali ya tumbo hukaa hivyo.

Asubuhi na mapema tuko kwa dokta. Akamminya tumbo taratibu, Bosi ambaye hajawahi kumng'ata mtu akamgeukia akaonyesha meno. Eksirei ikaonyesha utumbo umejaa hewa juu ya sehemu moja, altrasaundi ikaonyesha kuna kitu kimekwama, mchana akapasuliwa. Ilitoka soksi ya binti yangu, ya shule, imejiviringa kama kamba. Utumbo pale ulipobanwa ulikuwa umeshaanza kubadilika rangi, ikabidi akate kipande kifupi na kuunga.

Nilimuuliza swali lile ambalo nadhani kila mtu angeuliza, ni kidonge changu kimemuumiza? Akanijibu, na maneno yake nayakumbuka vizuri, "Mzee, dawa haikumjeruhi. Ila huyu mbwa alikuwa na shahidi mmoja tu, kutapika, na wewe ukamziba mdomo." Angeendelea kutapika Jumatano mi ningemleta Jumatano, najijua, siwezi kuvumilia kusafisha zulia siku mbili. Nililetewa ukimya nikauita nafuu.

Na cha ajabu, baada ya oparesheni akiwa kwenye dripu dokta huyo huyo alimchoma maropitanti. Nikashtuka. Akanielewesha kwamba sasa tunajua kilichokuwemo na kimetoka, kinachobaki ni kichefuchefu, na mbwa mwenye kichefuchefu hali, asipokula haponi haraka. Sindano ni miligramu 1 kwa kila kilo chini ya ngozi, dozi ya tatu hiyo sasa, mnaona jinsi hii dawa ilivyo na hesabu zake. Siku ya kwanza Bosi alipiga kelele maana inawasha sana ikiingia. Kesho yake wakaitoa kwenye friji ikiwa ya baridi, wakamchoma hivyo hivyo, akageuza tu sikio. Inasemekana ikiwa ya baridi maumivu yanapungua na kwa macho yangu niliona.

Kwa hiyo ndugu yangu wa wiki iliyopita ushauri wako wa kuhifadhi mimi nausahihisha hivi, na wenye utaalamu watanikosoa. Mbwa akitapika mara moja, alafu anacheza, anakula, anapata choo, wengi wetu tunamwangalia tu na hakuna dawa inayohitajika. Akirudiarudia, au amekataa chakula siku nzima, au maji hayakai tumboni, au kuna damu au vitu vyeusi kama machicha ya kahawa, mpeleke akiwa anatapika hivyo hivyo, usimnyamazishe kwanza ili safari iwe safi. Kale kadogo ambako hakajachanjwa kanatapika na kuharisha usisubiri kuche, parvo, ule ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa, haina subira. Na kuna moja mbaya kuliko zote ambayo wengi hawaijui kwa sababu mbwa hatapiki kitu: tumbo limevimba limekaza kama ngoma, anajikakamua kutapika hakitoki chochote zaidi ya udenda, anazunguka hapumziki. Hapo tumbo limejaa hewa na linaweza kuwa limejisokota, mbwa wakubwa wenye vifua virefu ndio wanaopatwa zaidi, na muda ni wa kuhesabu kwa saa sio siku. Kidonge chochote hapo ni kupoteza dakika.

Ukijua au ukihisi amekula sumu ndio kabisa, sema kwa daktari, maana wakati mwingine kutapika ndiko kunakomwokoa, na wewe unakuja kufunga mlango.

Kitu kingine, mchukueni vidio kwa simu. Nilijiona mjinga kumrekodi mbwa anatapika lakini dokta aliniambia inasaidia kuliko maelezo ya nusu saa, kwa sababu kuna kutapika kwenyewe, tumbo linavuta na mgongo unajikunja, na kuna kile cha chakula kurudi tu chenyewe bila tumbo kufanya kazi, mbwa anainamisha kichwa na kinateleza kutoka kimeumbika kama bomba. Hicho cha pili mara nyingi ni shida ya umio, ule mrija wa chakula wa kutoka kooni kwenda tumboni, matibabu yake mengine, na ukimpa dawa ya kuzuia kutapika haigusi.

Nimalizie na hili la dawa zetu sisi binadamu maana najua mtu atasema hayo ya Cerenia ni ya wenye nafasi ya kumwona daktari, mi nitampa mbwa vile vidonge vyangu vya basi. Dimenhidrinati na meklizini madaktari wa mifugo wanaziandika kwa mbwa, sikatai, na kuna mbwa zinawafaa, ila wanaandika wakiwa wamempima, wanajua kilo zake, wanajua kama ana presha ya macho au anashindwa kukojoa. Wewe unachonunua mara nyingi ni mchanganyiko, ndani kuna kitu cha mafua, au paracetamol, na zile za kutafuna zenye utamu bila sukari zinaweza kuwa na zailitoli, ambayo kwa mbwa ni sumu, inashusha sukari ya damu ghafla na inaweza kuua ini. Yani unamkinga na kichefuchefu cha safari unamfikisha salama akiwa amekufa.

Ombi langu kwako Mhariri ni dogo, ile barua ya wiki iliyopita iwekewe maelezo, hata mistari miwili, kwamba dozi ya safari na dozi ya ugonjwa ni vitu viwili na kwamba vinavyobaki si vya kila kutapika. Msomaji wenu mmoja anaweza kuwa ameshakata kile kipande cha gazeti akakibandika kwenye mlango wa friji, mi mwenyewe ndio zangu.

Bosi mzima. Ana mstari tumboni ambako manyoya yameota kwa mwelekeo wa kwao, gari anaingia mwenyewe siku hizi ila lazima tumsubiri afikirie kwanza. Kidonge kile kilichobaki nilimrudishia dokta. Vipya vikija naandika juu ya boksi kwa kalamu nene, SAFARI TU, na tarehe, na kilo zake za siku hiyo kwa sababu ameanza kunenepa. Soksi zinaanikwa juu.

Wenu,
Msomaji mwenye mbwa